Paa Tulilolikata Samuye

Vijana wangu, nimeombwa niwaandikie habari za kazi. Aliyeniomba alisema niandike kwa ufupi na kwa busara. Ufupi sijawahi kuwa nao, na hiyo busara niliipata nikiwa nimekwisha haribu nyumba kumi na moja za watu. Someni hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nilijifunza kusoma nikiwa na ndevu, katika darasa la ngumbaru hapa Ngokolo, kibatari kimoja watu arobaini, na mwalimu alikuwa mdogo kuliko kitinda mimba wa mama yangu. Nilipohitimu nilisoma kila kilichopita mbele yangu: magunia ya pamba, madebe ya mafuta, barua za majirani. Siku hizi nasoma kuta zenu, na ninayoyasoma ni aibu tupu.

Mnajenga kama watu wanaofukuzwa na simba. Msingi wenu kuku anaufukua kwa asubuhi moja. Dirisha mnaliweka linakotokea jua la jioni, halafu mnalifunika kwa gunia na kusema Shinyanga ina joto. Lakini tulizeni roho, sitawacheka ninyi peke yenu. Leo nitawacheka wakubwa wenu pia, na mimi nimo.

Baada ya vita kuu na kabla ya Uhuru kulikuwa na chama cha watu wa kujitolea kilichojenga nyumba nafuu kwa wasio na uwezo. Jina lake sitalitaja, maana waliokiendesha wameacha wajukuu wenye midomo. Utaratibu ulikuwa mzuri, lazima niseme. Mwenye shida alifyatua matofali yake mwenyewe, chama kikaleta mabati na milango, watu wa kujitolea wakaja Jumamosi kusaidia mikono. Mimi nilikuwa mwashi wao. Katika chama kizima ni mimi peke yangu niliyeajiriwa, kwa hiyo ni mimi peke yangu niliyelaumiwa.

Hao wa Jumamosi nitawaeleza nini? Walikuja na lori kutoka mjini wakiimba: makarani, walimu, wenye maduka, mabibi wa misheni wenye kofia pana kama ungo. Kulikuwa na karani aliyeshika tofali kwa vidole viwili kama ameshika panya aliyekufa. Mwalimu mmoja wa hesabu aliniuliza timazi, ile kamba yenye uzito ya kunyooshea ukuta, ni ya kuvulia samaki wa aina gani. Kufikia saa nne walikuwa wamechoka, saa tano wanakunywa chai, saa sita wanapigwa picha, kila mmoja kashika mwiko ambao hajauchafua. Jumatatu mimi nilikuwa nabomoa walichojenga Jumamosi. Nilibomoa taratibu bila kumwambia mtu, maana walikuwa watu wema na wema wao niliuona. Ukuta ndio ulikuwa hauuoni.

Nyumba zetu za kwanza hatukujenga Shinyanga. Tulianzia upande wa Geita, kwenye makazi ya wachimba dhahabu, watu waliokusanyika kutoka kila pembe ya nchi na kulala vibandani kama kuku wa mnadani. Ramani ilitoka kwa mama mmoja mfadhili aliyeichora akiwa kwao Ulaya, kwenye baridi, na ilikuwa na dohani. Ndiyo, dohani la moshi, katikati ya sebule, ili watu waote moto. Huko Geita! Nilijenga madohani manne kwa heshima zote. Katika lile la tatu nyuki waliingia kabla ya mwenye nyumba, na yule mchimbaji, mtu wa Kigoma, akakaa humo miaka mitano akirina asali sebuleni kwake. Alinihakikishia kwamba nyuki walimletea faida kuliko dhahabu, na mimi namwamini, maana nilikula ile asali mpaka meno yakalegea.

Huko ndiko nilikokutana na Mzee Kulwa. Alikuwa Msumbwa, mfupi, viganja kama koleo. Kabla ya kujenga juu ya ardhi alikuwa akijenga chini yake, akisimamisha magogo ya kuzuia mwamba usiwaangukie wachimbaji. Mtu aliyefanya kazi ile hafanyi mzaha na kitu kinachokaa juu ya kichwa cha mwenzake. Ninachokijua cha maana nilikipata kwake. Ngumbaru ilinipa kusoma na majivuno.

Mzee Kulwa aliuonja udongo kama mwanamke anavyoonja mchuzi. Aliviringa kijitonge chembamba, akakizungusha kwenye kidole. Kikikatika mapema, udongo una mchanga mwingi. Kikizunguka bila hata ufa, ni mfinyanzi mtupu, utapasuka ukikauka, basi changanya mchanga na majani makavu. Tofali bichi aliligeuza siku ya tatu, kivulini, kwa mikono miwili. Na kuhusu ule udongo mweusi wa mbuga ulioko kwetu Shinyanga, alinionya hata kabla sijauliza. Mvua ikinyesha unavimba na kuinua nyumba; kiangazi unanywea na kuiangusha. Chimba mpaka uupite, au hama uende juu kwenye mchanga. Andikeni hilo. Najua hamtaandika.

Lakini mzee yule alikuwa na tabia moja iliyonichekesha. Kabla hajachomeka hata kigingi kimoja, alikaa chini na mwenye nyumba na kumhoji nusu siku. Ndama watalala wapi? Mgeni wa kiume atapitia wapi? Wakwe zako wanaishi wapi, na wakija watakaa upande gani? Mimi nilisimama pembeni na kamba yangu, jua linanichoma, nikamwambia mambo hayo hayamo kwenye daftari langu la ngumbaru.

"Basi liongezee kurasa," akasema, akaendelea kuuliza habari za wakwe.

Sikuongeza kurasa hata moja. Na hapo ndipo habari ya Samuye inapoanzia.

Kazi ilipohamia Shinyanga, Mzee Kulwa alibaki kwao Geita, na mimi nikapandishwa nikawa fundi mkuu, yaani fundi bila mtu wa kunikemea. Tulipata Katibu mpya, Bwana Festo, karani wa stesheni, mtu wa mbali aliyeletwa huku na kazi. Soksi zake zilifika magotini na mstari wa nywele zake ulinyooka kuliko reli. Bwana Festo hakuwa mwizi wala mvivu. Ugonjwa wake ulikuwa kujua. Kila ulichotaka kumwambia alikuwa anakijua tangu jana. Alinunua moyo wangu kwa neno moja: aliniita Mhandisi. Mtu wa Tinde kama mimi, mchunga ng'ombe wa juzi, anaitwa Mhandisi mbele za watu! Wiki ile nilipita sokoni mara sita bila kununua kitu, nikitafuta tu mtu wa kuniita hivyo.

Samuye tulipewa kiwanja kizuri, juu kwenye mchanga, na mtu wa kwanza kwenye orodha alikuwa mjane aitwaye Mama Holo. Mumewe alikwenda Geita kutafuta dhahabu, mwamba ukamwangukia. Ndugu za marehemu wakachukua ng'ombe, yeye wakamwachia jembe. Akaja Samuye kwa mtoto wake wa pekee, huyo Holo, aliyeolewa na kijana mkulima aitwaye Shija.

Ninyi mliokulia mjini niwaeleze, maana wengine wenu mnakula sahani moja na mama mkwe. Kwetu Wasukuma, mama hawezi kulala chini ya paa moja na mume wa binti yake. Wakikutana njiani mmoja anachepuka. Hawasemezani ana kwa ana, hawaangaliani usoni, na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Kwa hiyo Mama Holo, pamoja na kwamba Shija alikuwa kijana mwema na nyumba yake ya nyasi ipo, hakuweza kulala humo. Alijikunja kwenye kibanda cha mabua nje ya uzio wa minyaa, kibanda ambacho mbuzi angekikataa. Masika mawili alikaa humo amejifunika ungo kichwani usiku kucha. Ya tatu yalikuwa yanakuja, na kifua chake kilikuwa kimeanza kukohoa kikohozi kibaya.

Lakini kwa kufyatua tofali, mama yule hakuwa na mfano. Nadhani alifyatua ya kutosha kuuzungushia mji wa Mwanza ukuta na kubakiza ya choo. Alikuja alfajiri, akakanyaga udongo kwa miguu yake, akajaza kibao, akageuza, kimya. Watu wa Jumamosi walipofika na lori lao, yeye alikuwa amekwisha maliza kazi ya siku na anawatazama kwa mshangao.

Sasa, Bwana Festo alikuwa amepata wazo la kubana mabati. Nyumba mbili pachapacha, ukuta mmoja katikati, paa moja refu juu ya zote mbili. Kwenye kikao mjini akasoma majina. Upande wa kulia Mama Holo. Upande wa kushoto, kwa kuwa naye alikuwa kwenye orodha, Shija na mkewe.

"Familia moja, paa moja," akasema, na wajumbe wakapiga makofi. Akanigeukia. "Au siyo, Mhandisi?"

Vijana, hapa ndipo ninapotaka mnicheke mpaka mchoke. Mimi Msukuma wa Tinde. Mama mkwe wangu mwenyewe nikimwona njiani naingia porini mpaka miiba inanichana shati. Nilijua. Nilijua kabla hajamaliza sentensi. Lakini kuna watu thelathini kwenye kikao, nimeitwa Mhandisi, na mhandisi hawezi kusimama akaanza kuzungumza habari za mama mkwe.

"Ndiyo, Bwana Katibu," nikasema.

Nikaijenga. Nikaijenga vizuri, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kona zilinyooka, linta za juu ya milango hazikupinda, mabati yalilala kama shuka la misheni. Zilipobaki siku sita chama kifungue rasmi, na mgeni wa heshima kutoka Mwanza amekwisha alikwa, nikampeleka Mama Holo akaone chumba chake. Alipapasa ukuta kwa kiganja. Akachungulia dirishani. Alikuwa anakaribia kutabasamu, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Kisha akauliza upande wa pili anakaa nani.

Nikamwambia.

Akarudi nyuma hatua kumi, kama mtu aliyeona nyoka mlangoni.

"Fundi, wewe ni mtoto wa wapi?"

"Wa Tinde, mama."

"Tinde hakuna wakwe?"

Akachukua jembe lake akarudi kwenye kibanda cha mabua. Jioni Shija naye akaja kuniambia, kwa adabu, kwamba afadhali alale katikati ya mtama wake kuliko kumwaibisha mama kiasi kile. Nyumba ikabaki na milango miwili mipya na hakuna wa kuifungua.

Nikaenda kwa Bwana Festo. Nikamweleza mwanzo hadi mwisho, safari hii bila uhandisi. Akasikiliza huku anachonga penseli. Akasema mambo ya zamani yana mwisho wake, watu watazoea, na kama siku ya ufunguzi hawatapokea funguo, orodha ni ndefu na wenye shukrani hawakosekani.

"Bwana Katibu," nikasema, "mama mkwe wako anakaa wapi?"

"Kwetu. Mbali. Siku mbili kwa treni."

"Basi wewe ulikwisha jengewa ukuta."

Akaniambia mkutano umekwisha, ingawa tulikuwa wawili tu.

Nilirudi Samuye nikitembea na kujitukana, na ni mwendo mrefu, kwa hiyo nilijitukana sana. Mama Holo alikuwa anafunga upya mabua ya kibanda chake kwa kamba za katani, anakohoa, anafunga. Mawingu yalikuwa yamekwisha simama upande wa ziwa. Nikaangalia lile paa refu la chama. Nikajiuliza Mzee Kulwa angefanya nini, nikajua asingefanya kitu, maana yeye angeuliza mapema. Mimi nilibaki na njia moja tu, msumeno.

Nikaongea na Shija. Shija akaongea na elika. Elika ni kundi la vijana wa kijiji wanaolima kwa zamu mashamba ya watu, wanakwenda na ngoma, wanaimba, na malipo yao ni nyama. Kujenga haikuwa kazi yao, lakini Shija alikuwa na fahali aliyemnenepesha miaka miwili, na wale jamaa walipomtazama yule fahali waligundua kwamba wamekuwa waashi tangu kuzaliwa. Wakaja ishirini na tisa, Jumatano asubuhi, ngoma mbele.

Sikilizeni sasa kazi, kama nia yenu ni kujifunza. Paa likishakaa hulikati hivi hivi, litakuangukia wewe na ukoo wako. Kwanza tulisimamisha nguzo ndani kushika papi, zile mbao zinazobeba bati, kila upande. Pili, ndani ya chumba cha Mama Holo, hatua mbili kutoka ule ukuta wa katikati, tukapandisha ukuta mpya, kwa matofali aliyoyabakiza mwenyewe. Matofali tuliyalowesha kwanza, udongo wa kujengea mzito, na hatukupandisha zaidi ya kiuno kwa nusu siku ili usielemewe. Ulipofika juu, papi zikalala juu yake. Ndipo nikapanda na msumeno na mkasi wa bati. Vijana wa elika hawajui kufanya kazi bila ngoma, na mimi nikajikuta nakata kwa mdundo wao, ndiyo maana ukingo wa paa lile mpaka leo una mawimbi. Nilikata bati, nikakata papi, nikakata na sehemu ya suruali yangu. Mwisho tukabomoa vipande vya ukuta wa mbele na nyuma vilivyobaki kati ya kuta mbili. Ijumaa mchana upepo ulipita katikati kutoka Samuye mpaka Geita.

Chumba cha mjane kilipungua hatua mbili. Yeye hakuja kutazama hata mara moja.

Jumamosi likaja lori, likaja na gari la mgeni. Bwana Festo alishuka na karatasi ya hotuba mkononi, akainua macho. Rangi yake ilihama. Mgeni wa heshima, bwana mnene mwenye miwani, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye ule mwanya na kuuliza ni wa nini.

Nilifungua kinywa. Bwana Festo alikuwa mwepesi zaidi. Akasema ni ubunifu wa chama, mwanya wa kupitisha hewa, kwa afya ya wakazi. Mgeni akatikisa kichwa kwa furaha akasema hajaona kitu kama hicho hata Mwanza. Wajumbe wakapiga makofi. Msinione mwongo: kuanzia siku ile kila nyumba pacha iliyojengwa na chama ilikuwa na mwanya wa Bwana Festo, hata zile za wachimbaji makapera ambao hawakuwa na mke, sembuse mkwe.

Lakini funguo zilikuwa bado mezani. Jina la Mama Holo likasomwa. Hakwenda mezani. Alisimama mbali, kanga kichwani, akaniita mimi kwa kidole mbele ya mgeni, mbele ya Katibu, mbele ya elika nzima.

"Nenda pale katikati."

Nikaenda nikasimama kwenye mwanya, kuta mbili mabegani mwangu.

"Tazama juu. Unaona nini?"

Nikatazama. "Wingu, mama."

"Hakuna bati?"

"Hakuna."

"Hakuna hata mti?"

"Hakuna hata ujiti, mama."

Akafikiri. Wajumbe wa chama walidhani ni sehemu ya sherehe wakaanza tena makofi. Yeye akawapita wote, akachukua ufunguo mezani kama mtu anayechukua kitu chake alichokisahau, akaingia, akafunga mlango. Shukrani hakutoa. Bwana Festo alisononeka sana. Shija akachukua wake baada ya hapo.

Mvua ilianza juma lililofuata, ile ya mawe, na mimi nikakimbilia Samuye kuangalia kama ukuta wangu mpya umeshika. Nilipobisha kwa mjane akasema nisubiri nje, anafagia. Upande wa pili Shija alikuwa amesimama chini ya upenu wake, uso kaugeuzia shambani kama inavyopasa. Kati ya paa na paa maji yalikuwa yanamwagika kama mto, na mahali pekee palipobaki pa kusimama mtu ambaye hakuwa wa upande wowote palikuwa pale pale katikati.

Mama Holo akatokea mlangoni na ufagio, naye uso wake kaugeuzia upande mwingine.

"Fundi," akasema, "mwambie jirani yako karai lake liko mvuani."

Shija alikuwa hatua mbili kutoka hapo, na masikio yake yalikuwa mazima.

"Shija," nikasema, "karai lako liko mvuani."

"Mwambie mama nimeliona. Na muulize amelalaje."

"Mama, umelalaje?"

Akafagia kizingiti. Maji yakanishuka shingoni, yakaingia shatini, yakatokea viatuni.

"Mwambie," akasema, "nimelala."